ALAN TURING: ALIYEIFUNZA MASHINE MOJA KUWA MASHINE NYINGI

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa kwenda kutafuta vichekesho, nakuomba unipe sikio kidogo. Kuna kitu kimoja kilichomo mfukoni mwa kila mwalimu wetu, na pengine kimefichwa mahali fulani bwenini pia (sitamtaja mtu!). Kitu chenyewe ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ni laini ya simu. Wengi wetu hudhani kuwa ni kipande cha plastiki cha kubebea namba tu. La hasha! Ndani ya kikadi kile mna kompyuta nzima, yenye kumbukumbu yake, ingawa kumbukumbu hiyo ni haba mno. Na ndani ya kompyuta hiyo, mara nyingi, mna mashine nyingine tena, isiyoshikika kwa mkono, iliyoundwa kwa maagizo matupu. Tuiite mashine pepe.

Sasa utauliza, mashine itakaaje ndani ya mashine? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Jibu lilipatikana mwaka wa 1936, wakati ambapo hapakuwa duniani hata kompyuta moja ya aina tunayoijua leo. Aliyelipata alikuwa kijana ambaye hajatimiza hata miaka 24. Jina lake ni Alan Turing, na maisha yake ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Alan Mathison Turing alizaliwa jijini London tarehe 23 Juni 1912. Babake, Bwana Julius Turing, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India. Siku hizo Waingereza wengi waliofanya kazi India hawakupenda kuwalea watoto wao huko. Kwa hivyo Alan na kakake John waliachwa Uingereza, katika mji wa pwani wa St Leonards-on-Sea, mikononi mwa mwanajeshi mmoja mstaafu na mkewe. Wazazi walikuwa wakija na kuondoka. Wale miongoni mwetu waliolelewa na nyanya au shangazi, huku wazazi wakitafuta riziki mbali, wataelewa maisha hayo yalikuwaje.

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Mwezi wa Mei 1926, Alan alitakiwa kuripoti katika shule ya bweni ya Sherborne. Aliposhuka melini katika bandari ya Southampton, lo! Uingereza nzima ilikuwa imegoma. Hapakuwa na gari la moshi. Mwingine angerudi nyumbani akafurahie likizo ya bure. Alan alipanda baiskeli yake na kuikanyaga peke yake karibu kilomita 100. Alilala njiani katika nyumba ya wageni na kufika shuleni kesho yake. Wakati huo hajafikisha hata miaka 14!

Shuleni hakuwa kipenzi cha walimu. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Alipenda kutatua hesabu kwa njia zake mwenyewe, akiruka zile zilizofundishwa darasani. Mwalimu mkuu aliwaandikia wazazi kuwa kama kijana huyu anataka kuwa mwanasayansi tu, basi anapoteza wakati wake katika shule ile. Hebu fikiria!

Hata hivyo, alimpata rafiki mmoja wa dhati, Christopher Morcom, aliyependa sayansi na hesabu kama yeye. Kwa pamoja walizungumza juu ya nyota na kemia hadi wakasahau kengele. Lakini mnamo Februari 1930, Morcom alifariki dunia kwa kifua kikuu alichokuwa amekipata utotoni kutokana na maziwa ya ng'ombe. Pigo hilo lilimwingia Alan hadi ndani. Akabaki na swali lililomwandama aushi yake yote: akili ya mtu ni kitu gani, na je, yaweza kukaa ndani ya kitu kingine kisichokuwa mwili huu wa nyama na damu?

Mwaka wa 1931 alijiunga na Chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko nyota yake iling'aa, na mwaka wa 1935, akiwa na miaka 22 tu, aliteuliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho.

Hapo ndipo alipokutana na fumbo. Mwanahisabati maarufu wa Ujerumani, David Hilbert, alikuwa ameuliza mwaka wa 1928 kama kuna njia moja ya hakika, ya kufuata hatua kwa hatua bila kubahatisha, ya kuamua ikiwa hoja yoyote ya hisabati inaweza kuthibitishwa au la. Turing hakukimbilia vitabu vikubwa. Alianza na karani. Ndiyo, karani! Siku hizo neno la Kiingereza lililotupa sisi neno kompyuta lilikuwa na maana ya mtu anayelipwa kupiga hesabu kwa kalamu na karatasi. Turing alijiuliza: karani huyu hufanya nini hasa? Akaona kuwa huitazama alama moja, hukumbuka amefikia hatua gani, huandika au hufuta, kisha husogea mbele au nyuma. Basi! Mengine yote ni mapambo.

Kwa hivyo akabuni mashine akilini mwake. Ilikuwa na utepe mrefu uliogawanywa kwa vijisanduku, mithili ya daftari letu la hesabu, na jicho la kusoma kijisanduku kimoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa pia na orodha fupi ya sheria: ukiona alama hii, fanya hivi. Mashine ya kujumlisha ilikuwa na orodha yake, na ya kuzidisha yake.

Kisha akapiga hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyobadilisha dunia. Aligundua kuwa orodha ya sheria yenyewe ni maandishi tu. Na kama ni maandishi, basi yaweza kuandikwa juu ya utepe. Inawezekana kuwa na mashine moja ambayo kazi yake ni kusoma sheria za mashine nyingine na kuzifuata, moja baada ya nyingine. Ukiipa sheria za mashine ya kujumlisha, itakuwa mashine ya kujumlisha. Ukiipa za mashine ya kuzidisha, itageuka kuwa hiyo.

Kama hujanipata, kumbuka tamasha za drama. Mwigizaji ni yule yule mmoja. Mpe maneno ya chifu, atakuwa chifu. Mpe ya mwizi, atakuwa mwizi. Mpe ya ajuza, atainama na kukohoa mpaka umtafutie mkongojo. Hana haja ya mwili mpya kwa kila mchezo. Anachohitaji ni maandishi, na subira ya kuyafuata. Mashine ya Turing ni mwigizaji wa namna hiyo, na mashine inayoigizwa ndiyo mashine pepe.

Kwa kutumia mashine hizo za akilini, Turing alionyesha kuwa njia aliyoiulizia Hilbert haipo. Mmarekani Alonzo Church alikuwa amefikia jibu hilo hilo muda mfupi tu kabla yake, kwa njia tofauti kabisa. Badala ya kununa, Turing alifunga safari hadi Princeton, Marekani, akasoma chini ya Church huyo huyo na kupata shahada ya uzamifu mwaka wa 1938.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Turing aliripoti Bletchley Park tarehe 4 Septemba 1939. Hapo ndipo Waingereza walipokuwa wakifumbua barua za siri za adui. Wajerumani walitumia mashine iitwayo Enigma, ambayo ile ya jeshi lao iliweza kupangwa kwa namna nyingi ajabu, karibu 159 ikifuatwa na sufuri 18. Si mchezo! Ni haki kusema kuwa Wapoland watatu, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, ndio waliotangulia kuivunja Enigma, na Julai 1939 nchi yao iliwapa Waingereza na Wafaransa ujuzi huo. Turing alijenga juu ya msingi huo. Alibuni mtambo wa kutafuta mpangilio wa Enigma, na Gordon Welchman akauboresha. Wa kwanza ulifika Bletchley mwezi wa Machi 1940. Turing pia aliongoza kikundi kilichofumbua siri za nyambizi za Kijerumani zilizokuwa zikizamisha meli za chakula baharini.

Nasi Wakenya tusijione watazamaji katika kisa hiki. Mnamo Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo, na wafumbuzi wa siri wa Uingereza waliokuwa huko wakahamishiwa Mombasa. Waliwekwa wapi? Katika shule, ndugu zangu! Shule ya Allidina Visram, inayotazama Bahari ya Hindi, ilichukuliwa na wanamaji. Humo madarasani ndimo walimokaa watu wakivunja kodi za Wajapani hadi mwaka wa 1943 waliporejea Colombo. Turing mwenyewe hakuwa miongoni mwao, lakini kazi ilikuwa moja.

Watu wa Bletchley walimwona Turing kuwa kituko. Alifunga kikombe chake cha chai kwa mnyororo kwenye bomba la kupasha chumba joto ili kisiibiwe. Msimu wa maua, chavua ilipomsumbua pua, aliendesha baiskeli akiwa amevaa kinyago cha kuzuia gesi. Hata hivyo, hakuna aliyeidharau kazi yake.

Vita vilipokwisha, mwaka wa 1945, alipewa kazi katika Maabara ya Taifa ya Fizikia kule Teddington ili aunde kompyuta ya kweli. Mpango wake uliitwa ACE. Na hapa, msomaji, tunafika kwenye kiini cha makala haya. Kumbukumbu ya kompyuta wakati huo ilikuwa ghali kama dhahabu. Ilihifadhiwa ndani ya mirija ya zebaki, ambamo namba zilisafiri kama mawimbi ya sauti. Wenzake wengi walitaka kutatua kila tatizo kwa kuongeza vyombo: kifaa hiki cha kuzidisha, kile cha kufanya jambo jingine. Turing alikataa. Kwake yeye, kile ambacho chombo kinaweza kufanya, maagizo yaliyofikiriwa vizuri yanaweza pia kukifanya. Alipanga maagizo yawekwe kwa mafungu madogo madogo, ili fungu moja liandikwe mara moja tu na kuitwa kila linapohitajika. Kwa njia hiyo mashine ndogo ingefanya kazi ya mashine kubwa.

Lakini mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Turing alichoka kusubiri, na mwaka wa 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester. Huko, tarehe 21 Juni mwaka huo, wenzake wapya walikuwa wameendesha kompyuta ndogo iliyokuwa na kumbukumbu ya maneno 32 ya biti 32, yaani baiti 128 tu! Aya hii unayoisoma haiwezi kutoshea humo. ACE ndogo ya majaribio nayo ilifanya kazi Teddington tarehe 10 Mei 1950. Ilianza na maneno 128, ambayo ni sawa na baiti 512. Pamoja na udogo huo, ilitegemewa kwa hesabu nzito za wahandisi kwa miaka kadhaa.

Je, wajua kuwa Turing alikuwa mwanariadha? Wenzetu wa timu ya mbio watafurahi. Mwaka wa 1947 alikimbia marathoni mjini Loughborough na kushika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Mshindi wa Olimpiki ya 1948 alitumia saa 2 na dakika 34. Mtu aliyeshinda kutwa akiwaza juu ya mashine alikuwa nyuma ya bingwa kwa dakika 11 hivi tu!

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha sataranji. Turing na rafiki yake David Champernowne waliandika sheria za kucheza sataranji kwa ajili ya kompyuta. Tatizo ni kuwa hapakuwa na kompyuta ya kuziendesha. Mwingine angeiweka karatasi kabatini asubiri. Mwaka wa 1952 Turing aliketi mbele ya Alick Glennie, akawa yeye mwenyewe ndiye kompyuta. Alisoma sheria, akapiga hesabu kwa kalamu, akasogeza kete, bila kuongeza akili yake hata chembe. Kila hatua ilichukua karibu nusu saa. Programu ilishindwa, lakini ilikuwa imecheza! Hapo tunaona faida na hasara ya mashine pepe. Faida ni kuwa huhitaji chombo kipya. Hasara ni kuwa utalipa kwa muda, maana kusoma agizo kisha kuliigiza ni polepole kuliko kulitenda moja kwa moja.

Mwaka huo huo wa 1952 ndio uliomletea balaa. Nyumba yake iliibiwa, naye akapiga ripoti polisi. Katika kuhojiwa, alikiri kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa hatia kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo. Mwathiriwa akageuka mshtakiwa. Mahakama ilimpa hiari ya kwenda jela au kutiwa dawa za homoni kwa mwaka mzima. Alichagua dawa. Kibali chake cha kufanya kazi za siri za serikali kilifutwa. Kumbuka kuwa majirani hawakujua alichoifanyia nchi yao vitani, kwa maana habari za Bletchley zilikuwa siri hadi miaka ya sabini. Naye hakuweza kujitetea kwa kuitoa siri hiyo. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 7 Juni 1954, kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Kando ya kitanda palikuwa na tufaha lililoliwa nusu. Uchunguzi uliamua kuwa alijiua. Mamake aliamini hadi mwisho kuwa ilikuwa ajali, kwa kuwa mwanawe alizoea kuchezea kemikali nyumbani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ilikuja, ila kwa kuchelewa. Tangu 1966, tuzo kubwa kuliko zote za sayansi ya kompyuta imebeba jina lake. Mwaka wa 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Desemba 2013 Malkia Elizabeth wa Pili alimsamehe rasmi. Tarehe 23 Juni 2021, siku yake ya kuzaliwa, noti ya pauni 50 yenye picha yake ilianza kutumika. Lakini marehemu hasomi barua ya kuombwa radhi.

Sasa turudi kwenye laini ya simu. Mwaka wa 1996 wahandisi walipata njia ya kuweka mashine pepe ndani ya kadi ndogo kama hiyo. Kadi za miaka ile zilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyozidi baiti elfu chache, haba kiasi kwamba ACE ndogo ingeonekana jirani yake. Tena kila kiwanda kilitengeneza kadi kwa namna yake. Programu iliyoandikwa kwa kadi ya kiwanda kimoja haikuelewa ya kingine. Dawa yake ikawa ni ile ya Turing: mpe kila mwigizaji maandishi yale yale. Programu huandikwa kwa maagizo mafupi mafupi, mengi ya baiti moja moja, na mashine pepe huyasoma na kuyatenda, kadi iwe ya nani. Pia huweka ukuta kati ya programu na programu, ili moja isichungulie siri za nyingine. Mwaka wa 1999 ikaja mashine pepe kama hiyo kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 hivi, na ndiyo iliyotuletea michezo katika simu za vibonyezo.

Hapa kwetu, M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini, si katika simu. Ndiyo maana nyanya mwenye mulika mwizi aliweza kutumiwa pesa sawasawa na tajiri mwenye simu ya bei ghali. Kifaa kilikuwa duni, lakini maagizo yalikuwa kamili.

Mwenzangu, mara ngapi tumeingia katika chumba cha kompyuta tukaguna eti mashine ni za zamani, hazina nguvu, hatuwezi kujifunza chochote? Nami nimeguna. Lakini baada ya kuyasoma maisha haya nimeona haya. Yule bwana alianza na utepe wa kufikirika, na alipokosa kompyuta, alichukua karatasi akawa kompyuta yeye mwenyewe. Sina hakika kama mimi ningekuwa na subira ya nusu saa kwa kila kete. Ila Jumamosi ijayo, baada ya usafi, nitaingia katika chumba kile nikiwa na daftari la vijisanduku na kalamu ya risasi. Anayetaka tucheze sataranji kwa sheria za karatasi, anitafute huko.